Kisima cha baba kimekauka Kutch: je, nitume pesa za kuchimba futi 900?

"Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Baba yetu alitoka kijiji kimoja cha Kutch, Gujarat, kati ya Bhuj na Mandvi, na alipofariki aliacha huko shamba la ekari 4. Kaka yangu alirudi India na ndiye anayelima: karanga na pamba msimu wa mvua, ngano kidogo baridi ikiingia. Kisima cha mashine kilichimbwa mwaka 2004, futi 380. Zamani pampu ilikuwa ikienda tangu umeme unaporudi mpaka unapokatika. Sasa inakwenda kwa muda wa masaa mawili, maji yanatoka kwa kukohoa, halafu hewa tupu. Tena yameingia chumvi, na majani ya karanga yanaungua pembeni. Majirani wamechimba futi 700 na 800. Kaka anataka futi 900 na ameniomba rupia laki 7. Alikuja mpima maji, akatembea shambani na nazi kiganjani, nazi ikasimama kona ya kusini, akasema hapo chini kuna mto. Muuza vifaa naye anatuambia tufunge mipira ya kumwagilia kwa matone na tuchukue pampu ya sola, eti serikali inatoa bure. Hizo laki 7 ni akiba yangu ya miaka mingi. Sitaki kumnyima kaka, wala sitaki kuzitupa shimoni. Nifanye nini?"

Dada yangu, pole sana. Barua yako imebeba mzigo wa kisima kinachokauka na mzigo wa kaka unayempenda anayesubiri jibu, na najua huo wa pili ndio unaokunyima usingizi. Nianze na jibu lenyewe usije ukasoma kwa wasiwasi mpaka mwisho. Usitume laki 7 za kuchimba futi 900. Kaka yako anaiona hatari sawasawa kabisa. Ila kwa dalili ulizozieleza, shimo refu zaidi lina nafasi kubwa ya kuwapa maji machache, ya gharama, na yenye chumvi kuliko hayo mnayoyalalamikia. Tuma kwanza kiasi kidogo cha kupima. Pesa nyingine ifanye kazi juu ya ardhi, na huenda isitumike yote.

Sasa tuje kwenye ule mto. Hakuna mto chini ya shamba la baba yako. Nalisema kwa heshima, maana wapima maji wa nazi wameaminiwa India kwa vizazi, na baadhi yao ni wazee wanaoijua ardhi: wanajua mimea inabaki kijani wapi wakati wa kiangazi, na mwamba unachomoza wapi. Ujuzi huo ni wa kweli. Nazi haiongezi kitu juu yake. Ukitoka Bhuj kushuka Mandvi unapita kwanza jiwe la mchanga, kisha ukanda wa mwamba mweusi wa volkano, kisha udongo wa pwani. Katika jiwe la mchanga maji yanakaa kwenye vitundu vidogovidogo. Chukua andazi la jana ulichovye kwenye chai: chai imo ndani yake, lakini ukilikata huoni mfereji wala mto, unaona andazi limelowa. Jiwe la mchanga lina maji namna hiyo. Katika mwamba mweusi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu maji yanakaa kwenye nyufa tu, na nyufa hupungua kadiri unavyoshuka kwa vile uzito wa mwamba wa juu unazibana. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kaka ni hili: vumbi lililotoka kisima kile kilipochimbwa lilikuwa na rangi gani? Wachimbaji hulimwaga kando ya shimo, na majirani waliochimba juzi bado wanakumbuka. Rangi ya mchanga, manjano au nyekundu, ni habari moja. Kijivu cheusi kigumu ni habari nyingine.

Kwa nini kinakauka? Kutch hupata mvua ya wastani wa milimita 350 hadi 400 kwa mwaka, na karibu yote hushuka katika siku chache za Julai na Agosti. Miaka mingine haifiki hata nusu. Sehemu ndogo tu ya mvua hiyo huzama mpaka kwenye jiwe; nyingine hukimbilia baharini au kwenye Rann, lile tambarare la chumvi, au hurudi angani. Mnachochota kwa pampu kikizidi kinachozama, maji yanashuka. Hesabu yake ni kama ya akaunti ya benki. Juu ya hilo, sheria ya India tangu mwaka 1882 inayafungamanisha maji ya chini na umiliki wa ardhi, kwa hiyo mwenye shamba huchota anavyoweza. Pampu inapochota, maji yanayoizunguka huinama kuelekea kwake, mfano wa shuka iliyobonyezwa katikati ya kitanda. Jirani aliyechimba futi 800 amebonyeza shuka yake chini ya ile yenu. Mkichimba 900, mtabonyeza yenu chini ya yake. Halafu yeye atachimba 1,000. Nimeona vijiji vya Gujarat ambako kila shamba lina mashimo matatu, na linalotoa maji ni moja, tena kwa zamu.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo pesa yako inapopotelea. Watu hudhani kisima kirefu ni kisima chenye maji mengi. Urefu hauongezi maji. Unaongeza uzito wa kuyabeba. Chukua pampu ya nguvu farasi 7.5, yenye ufanisi wa kawaida wa nusu. Maji yakiwa mita 90 chini, kwa saa moja inainua karibu lita 11,400. Pampu ileile, umeme uleule, maji yakiwa mita 250 chini, inainua kama lita 4,100. Gujarat tangu mpango wa Jyotigram wa mwaka 2003 hadi 2006 iligawa laini za umeme wa mashamba na za nyumba, na shamba hupewa umeme wa nguvu kwa masaa kama 8 kwa siku. Kwa masaa hayo kisima kile kirefu kitakupa lita 33,000, hata kama jiwe lina maji tele. Sasa angalia shamba linataka nini. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000. Joto la Aprili mmea uliokwisha kufunika ardhi hunywa milimita 6 au zaidi kwa siku. Ekari 4 ni kama hekta 1.6, kwa hiyo linahitajika jumla ya lita 96,000 kila siku. Kisima cha laki 7 kitawapa theluthi yake. Ili kupata yote mtahitaji pampu kubwa kupita hiyo, na pampu kubwa itamaliza jiwe mapema zaidi.

Na bado hatujagusa chumvi. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu yake. Ukinyonya kwa nguvu kutoka juu, ya chumvi yaliyo chini huvutwa kwenda juu, yakatengeneza kama kichuguu chini ya bomba. Nina shaka kubwa kwamba ndicho kinachowapata, kwa sababu unasema uchache na chumvi vimekuja pamoja. Ikiwa ni hivyo, kushuka futi 900 ni kuiendea chumvi nyumbani kwake. Karibu na Mandvi na Mundra kuna pia chumvi ya bahari inayoingia nchi kavu kadiri visima vya pwani vinavyochotwa. Na usishangae karanga imeungua na pamba imesimama. Karanga huvumilia chumvi ya udongo mpaka kipimo cha 3.2 hivi cha desisimensi kwa mita, na ikizidi hapo mavuno huporomoka karibu asilimia 29 kwa kila kipimo kimoja kinachoongezeka. Pamba huvumilia mpaka 7.7. Mmea umeshatoa taarifa kabla ya maabara.

Kwa hiyo kaka apime, na vipimo vya mwanzo havina gharama. Achukue kamba ndefu isiyovutika, aweke fundo kila mita 5, afunge mwishoni chupa ndogo ya chuma yenye mdomo wazi uliogeuzwa chini. Pampu ipumzike usiku kucha. Alfajiri ateremshe chupa taratibu kupitia tundu la kando ya bomba. Ikigusa maji itapiga sauti, plop, na mkono utaisikia kamba ikilegea. Ahesabu mafundo na aandike tarehe ukutani penye swichi. Arudie kila baada ya wiki mbili, na asikose kupima mwishoni mwa Mei kabla ya mvua na tena Novemba baada yake. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo amana ambayo mvua iliweka mwaka huo. Kisha achukue pipa la lita 200, alijaze kutoka mdomo wa pampu, na apime sekunde: pampu inapoanza, baada ya nusu saa, na inapoanza kukohoa. Mwisho ajaze chupa mbili safi za maji, moja ya dakika ya kwanza na moja ya dakika ya mwisho, apeleke maabara. Zikitofautiana sana kwa chumvi, kile kichuguu nilichokieleza kipo kweli. Maji yakipita 2 katika kipimo kile cha desisimensi, karanga ya kumwagilia iagwe.

Kuhusu mipira ya matone, muuza vifaa amesema kweli nusu. Matone ni kitu kizuri sana. Maji ya kumwaga kwenye mifereji hufika kwenye mizizi nusu yake au zaidi kidogo, wakati ya matone hufika kama asilimia 90. Lakini kuna mambo matatu ambayo dukani hayatajwi. Kwanza, sehemu ya yale maji "yaliyopotea" kwenye mifereji yalikuwa yakizama na kurudi kwenye kisima chenu na cha jirani. Ukiyaokoa kisha ukayatumia kupanua shamba, kama wengi wanavyofanya, kisima hakitaona nafuu hata kidogo. Matone yatasaidia ikiwa mtabaki na eneo lilelile au dogo zaidi. Pili, maji ya chumvi kwenye matone huacha duara jeupe pale unyevu unapoishia. Piga magoti karibu na mche mwezi wa Aprili utaliona kwa macho, pana kama sinia, ukingo wake mweupe kama unga wa muhogo. Mvua ya kwanza nyepesi inaweza kuurudisha unga huo kwenye mizizi, kwa hiyo siku hiyo matone yafunguliwe hata kama mvua inanyesha, ili chumvi isukumwe nje. Hili huwashangaza wakulima wote ninaowaambia. Tatu, maji ya Kutch yana chokaa, na vitundu vya matone huziba. Lazima pawe na chujio la mchanga na la wavu, miisho ya mipira ifunguliwe na kusafishwa kila wiki, na mara mojamoja mfumo upitishwe asidi nyepesi kwa maelekezo ya fundi. Asiyekuwa na mkono wa kufanya kazi hiyo asinunue.

Pampu ya sola nitaipita haraka. Kwa mwenye shida ya umeme wa usiku ni neema. Anamwagilia mchana, hakeshi tena shambani kwa hatari ya kuumwa na nyoka. Shida yenu ni maji, na jua haliongezi maji kwenye jiwe. Linachofanya ni kuondoa bei ya kuchota, na kisichokuwa na bei huchotwa kupita kiasi. Kuna kijiji cha Dhundi, wilaya ya Kheda hukohuko Gujarat, ambako wakulima walianzisha ushirika wa sola na kuuza umeme uliobaki kwenye gridi, hivyo kila lita wasiyoichota inawalipa. Huo ndio mpangilio ninaoupenda. Sola isiyounganishwa na gridi, juu ya kisima kinachokufa, siishauri.

Sasa niseme pa kuweka pesa. Mvua ya milimita 350 juu ya ekari zenu 4 ni lita milioni 5.6. Linganisha na zile lita 33,000 za kisima kirefu: ni sawa na siku 170 za kuchota kutwa. Maji hayo yanaanguka shambani kwenu mwaka wa kawaida, na mengi yanaondoka bila kuaga. Kaka asiyaache. Matuta ya udongo ya kufuata kimo cha ardhi, ukingo wa shamba ulioinuliwa futi moja na nusu, na kona ya chini kabisa shimo la kutulizia tope. Kutoka kwenye shimo hilo maji yapite kwenye tabaka za mawe makubwa, kokoto na mchanga, kisha yaingizwe kwenye kisima. Na kama baba alikuwa na kisima cha zamani cha mdomo mpana kilichokauka, nacho kipo katika mashamba mengi ya Kutch, msikifukie kamwe. Hicho ndicho mlango bora wa kurudishia maji. Baada ya ukame wa mwaka 1987 wakulima wa Saurashtra, jirani zenu wa upande wa pili wa ghuba, walianza kuelekeza mvua kwenye visima vyao kwa makumi ya maelfu, wengine wakichochewa na viongozi wa dini waliowahubiria jambo hilo. Kutch nako mashirika kama VRTI ya Mandvi na ACT ya Bhuj yamefanya kazi hii kwa miaka mingi, na mafundi wao wanajua ni mahali gani jiwe linameza maji na wapi linayakataa.

Tahadhari moja, na tafadhali isichukuliwe kirahisi: maji ya shambani yana mbolea na dawa za pamba. Mvua ya kwanza na ya pili zipite nje. Na kama kisima chochote cha karibu kinanywewa na watu, msielekeze maji ya shamba kisimani. Elekezeni ya paa la nyumba na ya malisho tu. Pia msitegemee mwujiza wa mwaka mmoja. Mvua ikikosekana hakuna cha kurudisha. Ninavyojua, faida huonekana kwanza kwenye chumvi, maji yakawa laini kidogo mdomoni baada ya msimu mmoja mzuri, na kina hufuata polepole.

Upande wa pili ni kupunguza kiu ya shamba. Ngano iondoke. Inakunywa takriban mara mbili ya bizari nyembamba, ambayo Kutch inakubali vizuri baridi ikiingia na bei yake sokoni ni ya heshima, ingawa ina maradhi yake ya kunyauka na siku za ukungu humtia mkulima hofu. Mbarika una mizizi mirefu na subira kubwa. Choroko na uwele vinaishi kwa mvua. Lakini kama lingekuwa shamba langu, ekari moja na nusu ningepanda mitende. Sijui kama mlikuwa mkiletewa kharek utotoni, ile tende inayoliwa ikiwa bado mbivu ngumu, ya manjano au nyekundu, inayopasuka menoni kama miwa. Huvunwa Juni na Julai. Mwaka 2024 kharek ya Kutch ilipata hati ya kulinda jina lake kama zao la mahali hapo. Mtende huanza kupungua mavuno udongo ukipita kipimo cha 4, lakini hupungua kwa asilimia 3.6 tu kwa kila kipimo kimoja. Ukumbuke zile 29 za karanga. Ubaya wake usifichwe: unangoja miaka minne mitano bila tende ya kuuza, mvua ikiwahi Juni inaharibu matunda mtini, na miche ya mbegu nusu yake hutoka dume. Wanunue ya maabara au vichipukizi vya mti unaojulikana. Kituo cha utafiti wa mitende kipo Mundra, wataonyeshwa miti yenyewe. Katikati ya mistari, kwa miaka hiyo ya kungoja, choroko itawalisha.

Hayo ya "serikali inatoa bure" si kweli, ila msaada upo, tena mkubwa. Mpango wa taifa wa umwagiliaji wa mwaka 2015 hulipa asilimia 55 ya gharama ya matone kwa mkulima mdogo, yaani mwenye hekta 2 kushuka chini, na 45 kwa wengine. Gujarat huongeza juu yake kupitia kampuni ya umma ya GGRC, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2005. Ekari zenu 4 zinawaweka chini ya hekta 2, msiuache upenyo huo. Pampu ya sola chini ya mpango wa KUSUM wa mwaka 2019, serikali kuu hutoa asilimia 30, jimbo 30, na mkulima hubaki na 40; kwa hiyo "bure" ya muuza duka ina bei. Kadi ya mkopo wa mkulima hutoa mkopo wa msimu ambao ukilipwa kwa wakati riba yake hushuka hadi asilimia 4. Kuna na rupia 6,000 kwa mwaka za PM-KISAN, msaada wa serikali kuu kwa wakulima, kwa mafungu matatu ya 2,000. Maombi mengi ya ruzuku hupitia tovuti ya i-Khedut, na mtumishi wa kilimo wa kijiji, gram sevak, ndiye wa kumwuliza kwanza.

Lakini nakuuliza swali ambalo hukulitaja: hati ya shamba, ile ya 7/12, ina jina la nani? Ikiwa bado ni la marehemu baba, kaka anaweza kukosa yote hayo. Inabidi waandikishe urithi, wanaouita varsai, kwa talati, karani wa ardhi wa kijiji, na kituo cha kumbukumbu za ardhi cha e-Dhara cha taluka, yaani tarafa. Wewe nawe ni mrithi, na saini yako itatakiwa hata ukiwa Mombasa. Mtu wa nje mwenye kadi ya OCI, ile ya watu wa asili ya India walio raia wa nchi nyingine, haruhusiwi kununua shamba India, ila kurithi anaruhusiwa. Mzungumze kifamilia kabla ya kusaini: wewe unabaki na fungu lako, au unamwachia kaka? Anayehesabiwa mkazi wa nje hapati PM-KISAN. Hapa mimi si mwanasheria. Mtafuteni wakili wa ardhi wa Bhuj, mkae naye ana kwa ana, msiishie kwenye simu.

Neno juu ya maji ya mto Narmada yanayoletwa kwa mfereji, maana najua kaka atayataja. Mfereji wa tawi la Kutch ulizinduliwa Agosti 2022 na unafika Modkuba, taluka ya Mandvi. Mfereji mkuu kupita karibu si sawa na maji kufika shambani. Mifereji midogo ndiyo yenye neno. Aende ofisi ya umwagiliaji na namba ya kipande chenu, aulize kama kimo ndani ya eneo la kuhudumiwa na lini. Wakimjibu kwa maandishi kwamba kimo, hiyo ni sababu nyingine ya kutozika laki 7 leo.

Kuna jambo ambalo pesa yako haiwezi kulinunua, nalo ni majirani. Mkirudisha maji ninyi peke yenu, shuka itateleza kwenda kwa mwenye futi 800. Katika wilaya ya Ahmednagar, jimbo la Maharashtra, ambayo siku hizi inaitwa Ahilyanagar, kipo kijiji cha Hiware Bazar chenye mvua ya mashaka kama ya kwenu. Tangu mwaka 1989 chini ya mwenyekiti wao, Popatrao Pawar, walizuia visima vya mashine kwa kilimo, wakazuia miwa, wakajenga matuta vilimani, na kila mwaka baada ya mvua hukaa chini kupima maji yaliyopo na kupanga walime nini. Hawakuanza wote kwa mkupuo. Kaka anaweza kuanza na mashamba manne matano yanayopakana: wapimane kina cha maji kwa kamba ileile, na waandike namba penye ubao mmoja. Mwenye futi 800 naye ana hofu yake, na akiona namba zinashuka kwake pia, maongezi yatakuwa rahisi.

Je, kuna hali ambayo ningesema chimbeni? Ipo. Ikiwa mtaalamu wa maji ya chini atapima kwa kupitisha umeme ardhini, kipimo ambacho huonyesha pia dalili ya chumvi kwa vile maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na akaona tabaka la mchanga lisilo na chumvi kati ya futi 380 na kama 500. Na ikiwa kisima cha jirani cha kina hicho kimetoa maji matamu kwa miaka. Basi kuongeza kina kidogo, kwa pampu ndogo, ni jambo la busara. Futi 900, la. Na kabla ya hapo fundi ashushe kamera ndani ya bomba la zamani, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na shimo jipya. Kisima cha tangu 2004 kinaweza kuwa kimeziba matundu kwa chokaa na mchanga. Visima vingine hufufuka kwa kusafishwa kwa hewa. Lisipofanyika hilo hamtajua kama jiwe limekauka au bomba limeziba. Kwa kipimo cha udongo na maji aende Krishi Vigyan Kendra, kituo cha sayansi ya kilimo, ya Mundra au ile ya Kukma, nje kidogo ya Bhuj. Na akiwa anakunywa maji ya kisima hicho nyumbani, apime pia floraidi upesi, hasa kama wapo watoto.

Namna ya kumwambia kaka naiacha kwako, unamjua kuliko mimi. Ila ukimpigia, anza na kamba na pipa kabla ya kutaja pesa, ili ajue unalijali shamba pamoja naye. Akishapima, niandikie tena: kina cha alfajiri, sekunde za pipa mara tatu, namba za chumvi za chupa zile mbili, na rangi ya vumbi. Mkiwahi kabla ya mvua ya Juni, tutapata muda wa kuchora pamoja shimo la kutulizia tope likae kona gani.